Pongal yangu inaganda kama ugali, ya Chennai ilikuwa laini mpaka unamaliza sahani. Nakosea wapi?

#1 BakuliLaSamli
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa jikoni, wale wa siasa mtusamehe kidogo.

Mwaka 2017 nilimsindikiza mama kutibiwa Chennai, India, tukakaa wiki sita kwenye gesti moja karibu na Greams Road, ile mitaa ambayo kila ukigeuka unakutana na Mtanzania kashika bahasha ya eksirei. Chakula kilikuwa hakimpandi mama kabisa, mkate hataki, chapati hataki, zile idli, vitumbua vyao vya mvuke, anasema anatafuna sponji. Siku moja kijana wa kihoteli cha chini akamletea sahani ya kitu kinaitwa pongal. Akamaliza, akauliza kama kuna nyingine. Toka hapo ikawa ndo chai yetu kila asubuhi.

Kwa wasioijua: ni mchele na dali ya choroko, zile za njano zilizokobolewa maganda, unapika pamoja mpaka vinapondeka vyenyewe, halafu pembeni unakaanga kwenye samli pilipili manga nzima, bizari nyembamba, tangawizi, majani ya kari na korosho, unamwagia juu. Haina kitunguu, haina nyanya, haina nyama. Unapewa na sambari, mchuzi wao wa dali, na chatini ya nazi.

Sasa tatizo. Kwenye sufuria yangu inatoka poa kabisa, nikipakua tu, dakika kumi, imeshika. Juzi nimegeuza sahani chini juu, haikudondoka, mwanangu akapiga makofi. Mchele natumia wa Kyela kikombe kimoja, dali nusu kikombe, maji vikombe vitatu na nusu, presha kuka filimbi tano. Mama ana miaka 71 sasa na kila nikipika anakula vijiko vitatu ananiambia "si mbaya mwanangu." Mnajua maana yake.

#2 KijikoKirefu
Yaani mkuu umetuita wote hapa kwa ajili ya bokoboko la choroko? 😂😂

#3 PwaniTuli
Bokoboko ni ngano na nyama, usichanganye mambo. Anachokisema mleta uzi sie Unguja twakiita mseto, mchele na chooko, ila sie twatia tui la nazi na twala na mchuzi wa papa au samaki wa kukaanga. Bibi yangu akipika mseto siku za mvua nyumba nzima hamtoki. Kwa hiyo hao Wahindi wako hawajagundua kitu.

#4 NairobiFlava
Niaje wasee. Swali dogo, choroko ndo nini? Dengu ama? Nimeingia duka la Wahindi Parklands nikamwambia nataka dengu ya kupika na mchele akanipea kitu ingine kabisa.

#5 MamaTuma_Mombasa
@NairobiFlava choroko ni zile wewe waziita ndengu. Huku kwetu Mombasa ni pojo. Na Watanzania wakisema dengu ni kitu chengine tena. Ndo maana hatuelewani hawa watu, jina moja vyakula vitatu, chakula kimoja majina matatu.

#6 BakuliLaSamli
Sahihi mama. Choroko = pojo = ndengu ya Nairobi. Lakini hizi si zile za kijani nzima, ni zilizopasuliwa na kumenywa, za njano, ndogo ndogo. Dukani ukisema mung dal wanakuelewa. Ukitumia za kijani na maganda yake unapata mseto wa PwaniTuli, ambao nauheshimu lakini siuulizii leo.

@KijikoKirefu we subiri tu siku ukiumwa.

#7 FundiKarama
Salaam wakuu. Niko Dubai, mwaka wa sita huu, jikoni kwenye mgahawa wa Watamili, watu wa kusini mwa India, mtaa wa Karama. Nilianza kuosha vyombo, sasa hivi zamu ya asubuhi nashika mimi. Pongal naipika siku sita kwa wiki kwa hiyo ngoja nishuke taratibu.

Kwanza maji yako ni machache mno. Kikombe na nusu ya vitu vikavu unatia maji matatu na nusu? Huo ni wali. Sisi tunatia kwa uchache mara nne ya mchele na dali kwa pamoja, na wengine wanafika mara sita. Kwa vipimo vyako anza na maji sita. Ukifungua presha kuka ukaona imekaa vizuri, jua umeshakosea, inatakiwa uione majimaji mpaka uogope. Itajibana yenyewe.

Pili dali unaikaanga kavu kwanza? Hujasema. Inatakiwa kuipasha kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, mpaka unukie, sio mpaka igeuke rangi. Ikiwa kahawia inagoma kulainika.

Tatu, ukitoa unaiponda na mgongo wa mwiko ikiwa bado ya moto, usisubiri. Halafu pilipili manga usitie zote nzima. Nusu iponde kidogo kwenye kinu, nusu iache. Nzima tupu watu wanazitoa pembeni ya sahani kama mawe ya mchele, na ile ladha inabaki kwenye samli peke yake.

Na samli mkuu. Usione aibu. Msimamizi wangu anasema samli ikionekana kwenye sahani ndo umepika, isipoonekana umemchemshia mtu uji.

#8 Mwl_Wanga
Nimefundisha masomo ya lishe miaka mingi kwa hiyo naongezea kwa faida ya wote. Mchele una wanga wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ikipikwa inatoka kwenye punje inaingia majini, na joto likishuka inajipanga upya na kushikana, ndo kule kuganda. Wali uliolala unakuwa mgumu kwa sababu hiyo hiyo, na ukiupasha na maji kidogo unalegea tena. Kwa hiyo mkuu tatizo lako halipo kwenye filimbi tano wala sita, ni aina ya mchele. Mchele wenye amilosi nyingi utaganda hata uupigie magoti.

#9 MtotoWaKyela
Naona mwalimu anazunguka zunguka lakini anataka kusema mchele wa Kyela mbaya. Sema wazi tu 😤. Mchele wa Kyela ukipika hata kesho yake unakula baridi na maziwa na bado laini. Labda huyu kauziwa mchele wa kuchanganywa, mjini humu wanaandika Kyela kwenye gunia lolote.

#10 Mwl_Wanga
@MtotoWaKyela sijautaja Kyela popote, soma tena. Ila hiyo hoja ya kuchanganywa nakubaliana nayo.

#11 KaputiBoy
Mimi nimesoma Bangalore miaka minne, asubuhi ya Jumatano hosteli ilikuwa pongal. Sisi Waafrika tuliipa jina, nusu kaputi. Unakula saa mbili, saa tatu una kipindi, saa tatu na robo hujui uko wapi. Profesa mmoja mpaka akawa anauliza "leo pongal?" akiona vichwa vinavyoanguka.

Kuhusu kuganda, ya kwetu ilikuwa inaganda vibaya sana. Walikuwa wanaikata kwa upawa kama keki. Kwa hiyo mleta uzi sio kwamba pongal zote za India ni laini, wewe ulibahatika tu na kihoteli.

#12 KijikoKirefu
Nusu kaputi 😂😂😂 nimemwaga chai. Sasa hapo ndo mmenipata, hiyo kulaza inatokana na nini? Maana mimi tatizo langu ni usingizi.

#13 NairobiFlava
Ni carbo tu. Rice plus ndengu asubuhi, lazima ulale. Mbona githeri ya shule ilikuwa inatulaza pia na haina samli.

#14 FundiKarama
Ni samli. Hapa kuna wateja madereva wa teksi, wanaomaliza zamu ya usiku ndo wanaagiza pongal, wanaoanza zamu wanaagiza dosa, zile chapati zao nyembamba. Wanajijua.

#15 MamaTuma_Mombasa
Hakuna cha samli wala cha nini. Wala sahani kubwa kisha wakaa chini ya feni, utaacha kulala? Watoto wangu walala hata wakila tambi.

#16 JichoLaPili
Subirini. Nimeangalia vidio moja ya hii kitu mpishi anatia mvuje. MVUJE. Si ule tunaofukizia watoto wakipata zongo? Bibi alikuwa anatufunga kwenye kitambaa shingoni. Sasa unakula dawa ya mashetani asubuhi halafu unashangaa unalala?

#17 PwaniTuli
😂 Wallahi huyu kanimaliza. Lakini ndo huo huo mvuje. Sie twaufukiza, wao wanaula. Na ukila huna shetani wala huna gesi.

#18 FundiKarama
Ni huo huo kweli. Utomvu wa mizizi ya mmea wa huko Iran na Afghanistan, ukikauka unanuka kama kitu kimekufa nyuma ya friji. Lakini tupa kidogo tu, punje ya ncha ya kisu, kwenye samli ya moto, harufu inageuka inakuwa kama kitunguu na thomu. Ndo maana hawatii kitunguu. Chakula hiki ni cha hekaluni, kwenye mahekalu mengi ya mungu wao Vishnu huko Tamil Nadu, jimbo la Chennai, ule mwezi wao wa Margazhi, katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari, watu wanaamka alfajiri kusali na wanagawiwa pongal ya moto kwenye jani. Na hekaluni hakuingii kitunguu wala thomu.

Ila angalizo, mvuje wa dukani wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Kama una mtu ngano inamdhuru soma paketi.

#19 BakuliLaSamli
Sikuwahi kujua kama kulikuwa na mvuje mle. Mama akijua alikuwa anakula mvuje kila asubuhi sijui itakuwaje, yeye ni mtu wa Bagamoyo.

#20 DadaWaSukariGuru
Jamani mbona mimi najua pongal ni tamu? Jirani yangu Mtamili hapa Dar kila Januari ananiletea bakuli, ina sukari guru, zabibu kavu, iliki. Hakuna pilipili manga yoyote. Mleta uzi una uhakika na jina?

#21 FundiKarama
Zote pongal dada. Hiyo yako ni sakkarai pongal, ya sukari. Ya mleta uzi ni ven pongal, ven maana yake nyeupe. Januari tarehe 14 au 15 ndo sikukuu yao yenyewe ya mavuno, Thai Pongal. Wanapika nje uani kwenye chungu kipya, wamekifunga mmea wa manjano mbichi shingoni, miwa imesimamishwa pembeni, na maziwa yakifurika yakamwagika wote wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" Maana neno lenyewe ni kufurika. Yaani chakula kinachomwagika ndo baraka.

#22 KijikoKirefu
Kwetu ukimwagia maziwa jikoni unapigwa na mwiko.

#23 MtotoWaKyela
Swali kwa Fundi, kama ni nyeupe kwa nini picha zote nazoziona ni njano?

#24 FundiKarama
Dali yenyewe inaipa unjano kidogo. Halafu mahoteli mengi wanatia manjano kijiko cha chai ili ipendeze. Msimamizi wangu anasema ukitia manjano umeharibu jina. Bosi anasema usipotia wateja wanadhani ni uji wa mgonjwa. Tunatia bosi akiwepo.

#25 ShambaBabati
Wakuu mimi si mpishi lakini mleta uzi ametaja sambari na 2017 nikashtuka. Sambari ile inapikwa kwa mbaazi zilizokobolewa, wao wanaita toor. Na mbaazi zetu za Manyara, Lindi, Mtwara soko lake kubwa lilikuwa India. Mwaka huo huo 2017 mwezi wa nane India wakaweka ukomo wa kuagiza mbaazi kutoka nje, bei ikaporomoka huku mpaka tukashindwa kulipa vibarua wa kuvuna. Nyingi zilibaki shambani, mbuzi wakala. Kwa hiyo wewe unamwagiwa sambari Chennai, mimi nawaangalia mbuzi wangu wanavyonenepa.

#26 BakuliLaSamli
Pole sana mkuu, aisee. Na sambari yao walikuwa wanatuongezea bure, ndoo nzima inapita mezani.

#27 ShambaBabati
Ndo uchungu wenyewe huo 😂 bure!

#28 KaputiBoy
Mkizungumzia mbaazi, Bangalore wana kaka yake pongal, bisi bele bath. Hiyo ni mchele na dali ya mbaazi, ukwaju, mboga mboga, masala yao ya kusaga, nyekundu, nzito. Bisi ni moto, bele ni dali, bath ni wali. Mimi kwa heshima zote naona inaishinda pongal mbali. Na haigandi! Kwa sababu ya ukwaju nadhani, au mboga.

#29 Mwl_Wanga
Bisi bele bath inaganda pia, sema wanaitia maji na samli kila inapopashwa. Ukwaju hauna uhusiano.

#30 KaputiBoy
Mwalimu mimi niliila miaka minne.

#31 Mwl_Wanga
Na mimi nimeipika.

#32 BakuliLaSamli
MREJESHO. Jana Jumamosi nimefuata ya Fundi. Dali nimepasha kavu mpaka ikanukia (hapo tu nyumba ilibadilika harufu, nikajua nimekaribia), maji sita, filimbi sita, nikaponda ya moto, pilipili manga nusu nimeponda. Samli vijiko vitatu vya chakula.

Kufungua ilikuwa uji kabisa nikaogopa kama alivyosema. Nikapakua. Dakika kumi ikawa safi, kama ya Chennai. Nikapiga kelele za ushindi. Dakika ishirini... imeganda. Ilikuwa uji, sasa ni uji mgumu. Mama alikuwa anaongea na simu muda wote huo, alipokuja mezani kijiko kikasimama chenyewe.

Kwa hiyo maji yamenisogeza dakika kumi mbele, hayajatibu.

#33 MtotoWaKyela
Mwambie mama asiongee na simu.

#34 MamaTuma_Mombasa
Nami nilijaribu jana hiyo hiyo. Yangu haikuganda sana. Nilitumia mchele wa pishori. Ila nasema ukweli nilitia kitunguu kimoja, nikakikaanga kwa samli na zile bizari.

#35 JichoLaPili
Fundi njoo umuone huyu 😂 kapeleka kitunguu hekaluni.

#36 FundiKarama
Mama Tuma umepika kitu kizuri bila shaka lakini hicho sasa ni kichri, ndugu yake pongal wa kaskazini mwa India.

#37 MamaTuma_Mombasa
Kikaliwa kikaisha. Jina nawaachia nyinyi.

#38 Mzee_Kalenda
Nimesoma uzi wote toka juu, vijana mnachekesha. Niongeze kidogo la historia kwa sababu PwaniTuli kasema hawajagundua kitu. Mchele na choroko huko India ni wa zamani mno. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa 1331, alipofika India aliandika kwamba watu wanachemsha choroko pamoja na mchele, wanakula na samli, wanaita kishri, na ndo chakula chao cha asubuhi. Mtu aliyeonja vya Kilwa ndo anaandika hivyo, angekuwa kaona mseto kama wenu huku pwani huenda angelinganisha.

Na jambo la pili, mmeona pongal haina pilipili ya kuwasha, ukali wake wote ni pilipili manga na tangawizi? Pilipili hizi nyekundu zimetoka Amerika, zililetwa India na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika Calicut 1498, safari ambayo rubani wake alimchukua Malindi, Ibn Majid. Kabla ya hapo kusini nzima ukali ulikuwa pilipili manga ya Malabar, pwani ya huko huko Calicut. Mimi naiona pongal ni chakula kilichokataa kubadilika.

#39 NairobiFlava
Mzee hapo kwa Ibn Majid nakukatiza kwa heshima. Hiyo story ya Ibn Majid wanahistoria wengi wameikataa. Yule rubani wa Malindi wanasema alikuwa Mgujarati.

#40 Mzee_Kalenda
Sawa, nakubali kusahihishwa, sisi tulifundishwa hivyo shuleni. Malindi na 1498 vinabaki lakini.

#41 PwaniTuli
Mzee Ibn Battuta hakulinganisha kwa sababu Mombasa na Kilwa hakuingia majikoni, alikaa na masultani. Mseto chakula cha nyumbani. Hoja yako haina nguvu hapo 😂

Ila la pilipili manga limenifurahisha. Manga si Uarabuni? Sie twaita pilipili ya Manga kwa sababu twaiona imeletwa na majahazi ya Waarabu, kumbe wenyewe waliinunua Malabar. Mchuuzi kapewa jina la mkulima.

#42 ShambaBabati
Kama mbaazi zangu.

#43 KijikoKirefu
Serikali ya mseto ya Kibaki na Raila nayo ilikuwa na samli? Nauliza tu maana iliganda mapema.

#44 NairobiFlava
😂😂 2008 hiyo buda. Ilikuwa na pilipili manga nzima nzima.

#45 PwaniTuli
Turudi kwa mleta uzi. Tia tui la nazi. Tui la kwanza, zito, mwishoni, moto umezimwa. Mseto wangu haugandi mpaka jioni. Mafuta ya nazi yanauzuia.

#46 FundiKarama
Hapana jamani, tui humo hapana. Nazi inakaa kwenye chatini pembeni. Ukitia tui hiyo sio pongal, mtamuua mzee wa watu huko Mylapore, Chennai, kwa presha.

Ila kwenye mafuta kuzuia kuganda sikatai. Ndo maana nasema samli. Mkuu vijiko vitatu kwa kikombe na nusu ya vitu vikavu ni vya kumlambisha mtoto. Nusu ya samli tia ndani wakati unaponda, nusu ndo ukaangie viungo.

#47 KaputiBoy
Na maziwa? Rafiki yangu wa Coimbatore mama yake alikuwa anapikia nusu maji nusu maziwa. Hiyo sikuwahi kuiona imeganda.

#48 Mwl_Wanga
Maziwa yana mafuta, kwa hiyo hoja ni ile ile. Lakini narudia, badilisha mchele. Huko wanatumia ponni au sona masuri, mchele mbichi, punje ndogo, sio ule uliochemshwa na maganda wa kutengenezea idli.

#49 MtotoWaKyela
Mama Tuma katumia pishori haikuganda. Pishori siyo ponni. Kwa hiyo mwalimu nadharia yako inavuja.

#50 Mwl_Wanga
Mama Tuma alitia kitunguu. Kitunguu kina maji.

#51 MamaTuma_Mombasa
Sasa kitunguu changu kimekuwa cha maana 😌

#52 Jikoni_Muscat
Samahani nimechelewa, nimeona uzi leo. Sie tulio Muscat twanunua huo mchele wa ponni kwa Wakerala chini ya nyumba. Nimepikia pongal mara mbili, na ukipoa unaganda kama wa kwenu tu. Kwa hiyo sio mchele.

#53 MtotoWaKyela
ASANTE. Kyela imesafishwa mahakamani.

#54 BakuliLaSamli
MREJESHO WA PILI, na huu unanichanganya zaidi.

Nilikuwa bado nina namba ya yule kijana wa kihoteli. Nikamtumia meseji kwa Kiingereza changu na picha ya mama, nikijua hatajibu. Kajibu siku hiyo hiyo. Sasa hivi anaendesha gari Coimbatore, kihoteli kimeshafungwa. Akatuma sauti ya dakika nne nusu Kitamili nusu Kiingereza, nikamtumia Fundi Karama pembeni anitafsirie.

Anasema hivi. Pongal walikuwa wanaanza saa kumi alfajiri kwenye chungu kikubwa cha shaba nyeusi nyeusi hivi, na ilikuwa inaganda kila siku. Kila mteja akiagiza, anachukua upawa mmoja wa pongal, anatia kata ya maji ya moto na kijiko cha samli, anakoroga kwenye sahani pale pale. Kwamba sisi tulikuwa tunaona inatoka jikoni laini, tukadhani imepikwa laini.

Halafu anasema mchele wa kihoteli ulikuwa na chenga nusu kwa nusu, tajiri hakutaka kununua mzima.

Halafu mwishoni anasema ya mama yangu hakuwa anatia maji ya moto, alikuwa anatia maziwa, kwa sababu alimwona amekonda. Hakumwambia mtu, tajiri angemkata.

#55 JichoLaPili
Aisee 🥹

#56 DadaWaSukariGuru
Huyo kijana Mungu amweke.

#57 FundiKarama
Nathibitisha tafsiri, na hicho chungu ni vengala panai, chungu cha shaba iliyochanganywa na bati, kinashika joto muda mrefu sana. Wazee wanaapa pongal ya chungu hicho haigandi haraka. Na mkuu la maji ya moto nilitakiwa nikwambie toka mwanzo, birika liko pembeni yangu zamu nzima, nafanya bila kufikiri, ndo maana sikuliandika.

#58 Mwl_Wanga
Post namba 8. Ukiupasha na maji unalegea tena. Nasema tu.

#59 KaputiBoy
Sawa mwalimu lakini mleta uzi alikuwa anakula pale pale na mama, na ya kwake haikuwa na maziwa, na anasema ilikaa laini mpaka mwisho wa sahani. Kata moja ya maji inakaa dakika ngapi? Kwake maji yote yale yalimfikisha dakika ishirini.

#60 MtotoWaKyela
Chenga. Chenga ndo jibu. Chenga inapondeka yote.

#61 Jikoni_Muscat
Chenga inaganda zaidi, hebu jaribu.

#62 PwaniTuli
Na ile ya hekaluni inayofungwa kwenye jani nani anaitia maji ya moto?

#63 FundiKarama
Ile ya hekaluni ni samli tupu dada, jani lenyewe linateleza mkononi.

#64 BakuliLaSamli
Leo asubuhi nimefanya ya kijana. Nimepika kawaida, nikaiacha igande makusudi, nikachota upawa nikatia maziwa ya moto na samli, nikakoroga kwenye sahani. Sikumwambia mama chochote. Kala yote. Kafuta sahani na kidole. Nikamuuliza, hii sasa ndo ya Chennai?

Kasema hii nzuri sana, lakini ya yule mtoto ilikuwa na chumvi zaidi.

#65 KijikoKirefu
Chumvi 😂😂😂😂 kurasa nzima na hakuna aliyetaja chumvi. Mkuu hapo kwako ni mitaa gani, nije na sahani?